Maswali ya Wasomaji: Golden Gate Park na Miaka Yake 150

Katika toleo lililopita tulichapisha habari fupi kuhusu Golden Gate Park, bustani kubwa ya umma iliyoko katika jiji la San Francisco, Marekani, ambayo ilitimiza miaka 150 tarehe 4 Aprili 2020. Habari ile ilikuwa na aya tatu tu, lakini barua zilizofuata zimejaza kapu. Tumechagua zile ambazo maswali yake yanagusana, tukaunganisha yaliyofanana, na tunayajibu hapa kwa kadiri nafasi inavyoruhusu.

Ndugu Mhariri, bustani haizaliwi kwa siku moja kama mtoto. Ni nani aliyeamua kwamba siku yake ya kuzaliwa ni tarehe 4 Aprili, na aliamua kwa kigezo gani? (Mwalimu wa historia)

Ndugu mwalimu, tarehe hiyo ni ya karatasi, wala haihusiani na kupandwa kwa mti wowote. Tarehe 4 Aprili 1870 ndipo ilipopitishwa sheria ya jimbo la California iliyounda tume ya kusimamia bustani za San Francisco, na hivyo kuipa bustani hii uhai wa kisheria. Siku hiyo pale mahali palikuwa na upepo, ukungu na vilima vya mchanga, na mtu aliyepita asingejua kwamba lolote limetokea.

Hata hivyo karatasi hiyo ilikuwa na uzito wake. Eneo lote la magharibi, upande wa bahari ya Pasifiki, lilikuwa nje ya mipaka ya zamani ya mji, na kwa miaka mingi baada ya Marekani kuichukua California kutoka Mexico mwaka 1848 haikujulikana wazi kama ardhi hiyo ni ya mji, ya serikali kuu, au ya watu waliokwishajikatia viwanja na kujenga uzio. Bunge la Marekani liliikabidhi San Francisco ardhi hiyo mwaka 1866, kisha viongozi wa mji wakafanya mapatano na wale waliokuwa wakiikalia: watambuliwe kuwa wamiliki halali, nao wakubali kuacha sehemu ya ardhi kwa matumizi ya umma. Bustani ilitoka katika mapatano hayo. Kwa hiyo ukiniuliza, sheria ya 1870 ni kigezo cha haki, maana bila hiyo viwanja vingeendelea kugawanywa hadi ufukweni. Majiji mengine pia huhesabu hivyo. New York iliadhimisha miaka 150 ya Central Park mwaka 2003, ikihesabu tangu sheria ya 1853, ingawa bustani yenyewe ilifunguliwa kwa umma kwa mara ya kwanza mwaka 1858.

Mimi ni mkulima, na nimekataa kuamini kwamba msitu mzima ulioteshwa juu ya mchanga wa pwani. Mchanga hauna rutuba, haushiki maji, na upepo huuhamisha. Waliwezaje? (Msomaji wa miaka mingi)

Una haki ya kushuku, kwa sababu walioshuku wakati ule walikuwa watu wazito. Frederick Law Olmsted, mmoja wa wasanifu wawili wa Central Park, alipoombwa ushauri na San Francisco mwaka 1866 alipendekeza bustani iwekwe sehemu nyingine ya mji iliyokingwa na upepo, kwa kuwa hakuamini kwamba miti mikubwa ingestawi katika upande ule wa bahari. Magazeti ya mji nayo yalilidhihaki wazo la kuweka bustani mchangani. Tuseme pia, kwa haki, kwamba si kila kipande kilikuwa jangwa: upande wa mashariki palikuwa na mialoni ya asili iliyojibanza katika mabonde. Lakini sehemu kubwa, na hasa magharibi, ilikuwa ni mchanga unaotembea.

Kazi ya upimaji ilipewa mhandisi kijana, William Hammond Hall, ambaye alikuwa na umri wa miaka 24 hivi. Ramani yake ilikamilika mwaka 1871 na mwaka huohuo akateuliwa kuwa msimamizi. Hall alielewa kwamba tatizo la kwanza lilikuwa kuutuliza mchanga, na kwamba rutuba ingekuja baadaye. Alijua mimea ya lupini, iliyo ya jamii ya kunde, huota yenyewe kwenye vilima vya mchanga vya pwani ile na mizizi yake hushika barabara. Ubaya ni kwamba huchelewa kuchipua, na kabla haijapata nguvu upepo huwa umeshaifukia au umeifukua. Husimuliwa kwamba jibu lilipatikana kwa bahati: shayiri iliyokuwa chakula cha farasi wa kambi ya wapimaji ilimwagika mchangani, na baada ya siku chache ikaota. Bahati au si bahati, Hall alichanganya mbegu za shayiri na za lupini akazipanda pamoja. Shayiri ilichipua upesi na kuushikilia mchanga kwa muda, lupini ikakua chini ya kivuli chake, na shayiri ilipokufa lupini ilikuwa tayari imekamata mahali. Karibu na ufukwe, ambako upepo ni mkali zaidi, walitumia uzio wa kuzuia mchanga na nyasi ngumu za pwani zilizoletwa kutoka nje. Hapo ndipo miti ilipofuata.

Wewe kama mkulima utaona kilichobaki: mbolea na maji. Mbolea ilitoka mitaani. Jiji la wakati ule liliendeshwa kwa farasi, na samadi iliyofagiliwa barabarani ilisombwa kwa mikokoteni na kumwagwa bustanini miaka nenda miaka rudi. John McLaren, mzaliwa wa Scotland ambaye Hall alishiriki kumchagua na ambaye aliisimamia bustani kwa zaidi ya miaka 50, alikuwa na tamaa ya samadi isiyokwisha. Husimuliwa kwamba alipoulizwa angependa zawadi gani ya siku yake ya kuzaliwa alijibu kwamba anataka yadi za ujazo 10,000 za samadi nzuri. Maji nayo mwanzoni yalinunuliwa kwa kampuni binafsi kwa bei iliyokuwa ikikamua fedha za bustani, hadi pale ilipogundulika kwamba chini ya mchanga ule kuna maji ya kutosha. Mwaka 1903 kilianza kazi kinu cha upepo cha mtindo wa Kiholanzi kwenye kona ya kaskazini-magharibi, na mwaka 1908 cha pili kikubwa zaidi kwenye kona ya kusini-magharibi. Vilipandisha maji hadi pampu za umeme zilipochukua nafasi yao muda si mrefu baadaye. Ninapenda sana kwamba upepo uleule uliodaiwa kuwa ungeiua bustani ndio uliopewa kazi ya kuinywesha.

Hall mwenyewe hakukaa kuyaona hayo yote akiwa msimamizi. Alijiuzulu mwaka 1876 katikati ya tuhuma za kisiasa na kupunguzwa kwa fedha. Katika sherehe nyingi za bustani hiyo jina la McLaren hutajwa kwanza, kwa kuwa alidumu hadi kifo chake Januari 1943 akiwa na miaka 96. Mimi ningelitanguliza la Hall.

Je, ni kweli kwamba ni kubwa kuliko Central Park? (Tumeulizwa na wasomaji kadhaa)

Ndiyo. Golden Gate Park ina ekari 1,017, yaani takriban hekta 412, ukihesabu na kipande chembamba kinachochomoza upande wa mashariki. Central Park ina ekari 843, karibu hekta 341. Umbo la zote mbili ni la mstatili mrefu. Hii ya San Francisco ina urefu wa karibu kilomita 5 na upana usiofika kilomita moja.

Mheshimiwa Mhariri, Aprili 2020 dunia nzima ilikuwa imejifungia ndani kwa sababu ya UVIKO-19. Sherehe hizo zilifanyikaje, na kama hazikufanyika, kwa nini mnaziita sherehe? (Msomaji mwenye shaka)

Ndugu msomaji, umeligusa jambo lenyewe. Maandalizi yalikuwa ya mwaka mzima, na kilele kilipangwa kuwa siku yenyewe ya tarehe 4 Aprili, ambapo watu wangekusanyika kwa muziki, makumbusho yaliyomo bustanini yangefunguliwa bila kiingilio, na gurudumu kubwa la kubebea watu angani lingeanza kuzunguka. Tarehe 17 Machi amri ya kubaki majumbani ilianza kutumika San Francisco. Mkusanyiko ukafutwa, na siku hiyo ikaadhimishwa kwa njia ya intaneti.

Gurudumu lilikuwa limeshasimamishwa, likiwa na urefu wa futi 150, karibu mita 46, futi moja kwa kila mwaka wa bustani. Lilikaa kimya kwa miezi. Lilifunguliwa Oktoba 2020, likafungwa tena kabla ya mwisho wa Novemba maambukizi yalipopanda, likafunguliwa upya Machi 2021. Kwa kuwa lilikuwa limepoteza muda wake mwingi, wasimamizi waliomba libaki kwa miaka minne zaidi, na hapo ugomvi ukaanza. Watetezi wa ndege na wanyamapori walisema taa zake zinavuruga usiku wa bustani. Wengine walilalamikia kelele za jenereta. Wengine waliuliza ni lini pambo la sherehe linakuwa jengo la kudumu. Kibali kiliongezwa, ila mwishoni mwa 2023 gurudumu lilihamishiwa kwenye eneo la watalii kando ya ghuba.

Ugomvi huo si mgeni mahali pale. Mwaka 1894 bustani ilipokea maonyesho makubwa ya kimataifa ya majira ya baridi, yaliyosukumwa na mmiliki wa gazeti, M. H. de Young, kwa lengo la kuuchangamsha uchumi wa mji baada ya msukosuko wa fedha wa 1893. Yalivutia watu zaidi ya milioni mbili, nayo yalikuwa na gurudumu lake na mnara wake wa umeme. McLaren aliyapinga tangu mwanzo, kwa hoja kwamba miti iliyopandwa kwa taabu ingekatwa kwa ajili ya burudani ya miezi michache. Maonyesho yalipokwisha alidai ardhi irudishwe, na mnara ule ukalipuliwa kwa baruti mwaka 1896. Jengo la sanaa lilibaki na kuwa makumbusho yanayoitwa de Young hadi leo, ingawa jengo la sasa ni la mwaka 2005.

Kuhusu swali lako la pili, nadhani mwaka ule ulikuwa wa sherehe kwa namna ambayo kamati haikuipanga. Watu waliozuiwa kukaa ofisini, mashuleni na mikahawani waliruhusiwa kutembea nje, na bustani ikawa mojawapo ya mahali pachache ambapo mtu angeweza kupumua mbali na mwenzake. Jambo kama hilo lilikuwa limetokea huko nyuma kwa sura nyingine: baada ya tetemeko la tarehe 18 Aprili 1906 na moto uliofuata, makumi ya maelfu ya watu waliopoteza makazi walikimbilia bustanini, wakalala kwenye mahema ya jeshi, na baadaye vikajengwa vibanda vya mbao vya kuwahifadhi. Kando ya ziwa mojawapo bado pana nguzo za baraza ya nyumba ya tajiri iliyoteketea katika moto ule, zilizohamishiwa pale mwaka 1909.

Nilisoma kwamba mwaka huohuo wa sherehe watu waliangusha sanamu bustanini. Sababu ilikuwa nini, na sisi Waafrika linatuhusu? (Mwanafunzi wa chuo)

Tarehe 19 Juni 2020, katika wimbi la maandamano lililofuata mauaji ya George Floyd, waandamanaji waliangusha sanamu tatu: ya padri Junípero Serra, aliyeanzisha misheni za Kihispania ambamo wenyeji wa California walitumikishwa; ya Ulysses S. Grant, jemadari wa upande wa Kaskazini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe na baadaye rais. Na ya Francis Scott Key, mtunzi wa maneno ya wimbo wa taifa wa Marekani, ambaye alimiliki watumwa. Kuhusu Grant watu wengi walishangaa, na mimi ni mmojawao, kwa kuwa ndiye aliyeliongoza jeshi lililowashinda wenye watumwa, japo ni kweli kwamba kabla ya vita alipata kummiliki mtu mmoja akamwachia huru.

Linakuhusu kwa njia hii. Mwaka 2021 mchongaji Dana King alizungushia kitako kitupu cha sanamu ya Key sanamu 350 nyeusi za chuma, kila moja ikiwakilisha mmoja wa Waafrika waliotekwa na kupakiwa kwenye meli ambayo baadhi ya abiria wake walifikishwa Virginia mwaka 1619. Kwa hiyo bustani ambayo ilitarajiwa kusherehekewa kwa taa na muziki ilitoa, mwaka mmoja baadaye, mahali ambapo wajukuu wa wale waliobebwa kutoka bara letu walisimama kuwakumbuka. Kwa taarifa tu, McLaren mwenyewe alizichukia sanamu zote bila ubaguzi, na alizoea kupanda vichaka vya kuzifunika.

Bustani ya chai ya Kijapani iliyomo mle mnaisifia sana. Ni ya nani? (Msomaji mpenda maua)

Ni ya jiji, na hilo ndilo swali gumu kuliko yote mliyotuletea. Ilianza kama kijiji cha maonyesho ya 1894. Maonyesho yalipokwisha, Makoto Hagiwara, mhamiaji kutoka Japani, aliruhusiwa kuiendeleza iwe bustani ya kudumu. Yeye na jamaa zake waliishi humohumo, wakaipanua, wakaleta mimea, samaki na ndege kutoka Japani, na sehemu kubwa ya gharama waliibeba wenyewe. Makoto alifariki mwaka 1925, na kizazi chake kikaendelea na kazi.

Mwaka 1942, baada ya Japani kuishambulia Pearl Harbor na Marekani kuingia vitani, watu wenye asili ya Kijapani katika pwani ya magharibi waliondolewa kwa nguvu na kufungiwa kambini, wakiwemo raia waliozaliwa Marekani. Ukoo wa Hagiwara uliondolewa katika bustani uliyoilea kwa karibu nusu karne. Nyumba yao ilibomolewa, na jina la mahali likabadilishwa ili neno "Kijapani" lisionekane. Vita vilipokwisha hawakuruhusiwa kurudi kuishi wala kuisimamia. Jina la awali lilirudishwa mwaka 1952. Mwaka 1974 liliwekwa bango la shaba la kuwaenzi, kazi ya msanii Ruth Asawa, ambaye naye alifungiwa kambini alipokuwa binti mdogo. Na barabara inayopita mbele ya lango sasa inaitwa kwa jina lao.

Maadhimisho ya miaka 150 yanayotaja mwaka 1894 bila kutaja 1942 yangekuwa ni tangazo la utalii. Ninasema hivyo kwa sababu picha inayochapishwa mara nyingi zaidi katika habari za bustani hii, na sisi tuliichapisha, ni ya daraja la mviringo la bustani hiyo ya chai.

Je, kuna wanyama? (Msomaji wa darasa la sita)

Wapo, mwanangu. Maarufu zaidi ni baisani, nyati wakubwa wenye manyoya wa Amerika ya Kaskazini. Waliletwa bustanini mwanzoni mwa miaka ya 1890, wakati uwindaji ulikuwa umekaribia kuwamaliza duniani, na kundi limeendelea kuwepo tangu hapo. Mwaka 2020 waliongezwa baisani wachanga watano kama zawadi ya miaka 150. Hao hawakuhitaji kusubiri amri ya kubaki majumbani iondolewe.

Mlidokeza kuhusu barabara iliyofungwa. Tufafanulieni. (Dereva)

Barabara ya John F. Kennedy hukata upande wa mashariki wa bustani, na tangu 1967 sehemu yake ilikuwa ikifungwa kwa magari siku za Jumapili. Mwishoni mwa Aprili 2020 ilifungwa siku zote ili watembeaji wapate nafasi ya kupishana kwa umbali salama. Hatua ya dharura ikazoeleka. Waendesha baiskeli, wazazi na vijana wa viatu vya magurudumu waliitaka ibaki hivyo. Makumbusho ya de Young na baadhi ya watetezi wa watu wenye ulemavu walipinga, kwa hoja kwamba wazee na wasioweza kutembea mbali wanazuiwa kufika. Baraza la jiji liliamua Aprili 2022 kuifunga moja kwa moja, na wapiga kura wakauunga mkono uamuzi huo Novemba mwaka huohuo.

Ninaiona hoja ya watu wenye ulemavu kuwa nzito kuliko ilivyopewa nafasi katika kelele za kampeni, na maegesho maalumu na usafiri wa bure wa ndani ya bustani, ambavyo vilitolewa kama jibu, ni sharti vidumu kama kufungwa kwenyewe kutadumu. Lakini kati ya mambo yote yaliyotokea mwaka ule wa maadhimisho, hili ndilo lililobadilisha matumizi ya bustani kwa namna ambayo mtu anaiona kila siku.

Na ile miti ya kwanza, bado ipo? (Mkulima yuleyule, katika barua ya pili)

Baadhi ipo, lakini inazeeka. Hall na warithi wake walipanda kwa wingi aina tatu zilizovumilia upepo na kukua haraka: mikaratusi kutoka Australia, na misonobari na misaipresi ya eneo la Monterey lililoko kusini zaidi katika pwani ileile. Iliyopandwa kwa wakati mmoja huzeeka kwa wakati mmoja, na msonobari wa Monterey kwa kawaida haufikishi miaka mingi zaidi ya 100. Dhoruba ya Desemba 1995 iliangusha miti mingi na kulivunja vibaya jumba la vioo la mimea lililofunguliwa mwaka 1879, ambalo tetemeko la 1906 lilikuwa limeliacha limesimama. Jumba hilo lilifunguliwa tena mwaka 2003. Tangu miaka ya 1980 kuna mpango wa kupanda upya kwa mafungu, kipande baada ya kipande, ili umri wa miti upishane. Na upande wa baharini wanaanza kwa kukinga upepo kwanza, kama alivyofanya Hall, kwa maana mche uliowekwa pale peke yake haufiki mwaka wa pili.